Mbao kuukuu: Kabla ya kumpa jirani, jua zilitiwa dawa gani

Tuseme ni Jumamosi asubuhi na umemwita fundi aibomoe baraza ya mbao iliyo nyuma ya nyumba yako. Baraza hiyo imekaa miaka kumi na mitano. Ngazi zake zimelegea, misumari imechomoza na watoto wamekwisha kujikwaa mara kadhaa. Kufikia saa sita mchana, rundo la mbao limelala kando ya lango na habari zimekwisha kuenea mtaani.

Wa kwanza kubisha hodi ni bawabu wa ploti ya pili, ambaye anataka mbao za kutengenezea kitanda. Wa pili ni kijana mfuga kuku. Wa tatu ni mama anayepika mandazi na githeri pale njia panda. Ameziona mbao zilivyokauka, na bei ya makaa anaijua vyema kuliko wewe.

"Jirani, kama hizo mbao hazina kazi, naomba nikapikie," anakuambia.

Je, msomaji, ungemjibu vipi? Wengi wetu tungesema, "Chukua tu, mama," na usiku tungelala na furaha ya mtu aliyetenda jambo jema. Wahenga walinena kwamba wema hauozi.

Lakini kabla hujafungua lango, jiulize swali moja: mbona mbao hizo nazo hazikuoza? Zimenyeshewa na mvua, zimechomwa na jua na zimezungukwa na mchwa miaka kumi na mitano, na bado ni ngumu. Huenda kuna kitu kilichozilinda. Ikiwa kipo, kile kilichomshinda mchwa chaweza pia kumdhuru mama huyo, watoto wake na hata wateja wake.

Makala haya yanakueleza kitu hicho ni nini, utakitambua vipi, na utazigawa vipi mbao zako bila ya kugawa ugonjwa pamoja nazo.

DAWA ILIYO NDANI YA UBAO

Kutumia tena mbao za zamani si jambo la aibu wala si jambo geni. Kule Lamu, milango na boriti za mikoko zimehamishwa kutoka nyumba hadi nyumba, na mbao za majahazi yaliyochakaa hutengenezwa viti na meza. Mbao kama mvule na mbambakofi zina ugumu wake wa asili, na mchwa hazimpendezi.

Mambo ni tofauti kwa miti tunayoipanda kwa wingi bara, kama vile saiprasi, msonobari na mkaratusi. Miti hii hukua haraka, lakini ikigusa udongo bila kinga, mchwa huimaliza upesi. Ndiyo maana nguzo na mbao nyingi za kukaa nje hutiwa dawa kiwandani.

Kazi hiyo hufanywa hivi: mbao zilizokauka huingizwa ndani ya tangi kubwa la chuma, mlango hufungwa na hewa hutolewa. Kisha dawa husukumwa kwa nguvu mpaka ipenye ndani ya mbao. Kwa hivyo si rangi ya juu ambayo unaweza kuikwangua ikaisha. Dawa imekuwa sehemu ya ubao wenyewe.

Dawa iliyotumika zaidi ulimwenguni kwa miongo mingi ni mchanganyiko wa madini matatu: shaba, kromiamu na aseniki. Kwa kifupi huitwa CCA, na ilibuniwa nchini India katika miaka ya 1930. Shaba huzuia kuvu wanaoozesha mbao, aseniki huua wadudu, na kromiamu huyashikilia hayo mawili yasioshwe na mvua.

Aseniki ni sumu inayojulikana tangu kale. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO), limeiweka katika kundi la vitu ambavyo imethibitishwa kuwa vinaleta saratani kwa binadamu, hasa saratani ya ngozi, ya mapafu na ya kibofu cha mkojo. Baadhi ya aina za kromiamu zimo katika kundi hilo hilo.

Kwa sababu hiyo, viwanda vya Marekani viliacha kutia dawa hiyo katika mbao za matumizi mengi ya nyumbani mwishoni mwa mwaka wa 2003, na nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliiwekea masharti makali kuanzia 2004. Hapa Kenya imetumika kwa miaka mingi katika nguzo za stima na za ua, zile zenye rangi ya kijani kibichi iliyofifia unazoziona kando ya barabara.

Tusitishane bure, hata hivyo. Nguzo iliyosimama shambani haimrukii mtu. Ukiigusa, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, basi. Hatari kubwa huanza pale ubao unapovunjwa, unapokatwa kwa msumeno, na zaidi ya yote, unapotiwa motoni.

MOTO HAUMALIZI SUMU

Watu wengi hudhani moto husafisha kila kitu. Ni kweli kwamba moto huua viini vya maradhi. Lakini aseniki si kiini chenye uhai. Ni madini, na madini hayateketei. Ubao ukiungua, sehemu ya aseniki hupanda na moshi na sehemu iliyobaki hujikusanya ndani ya jivu.

Kisa kimoja kilichoandikwa katika jarida la madaktari la Marekani, JAMA, mwaka wa 1984, kinaeleza jambo hili vizuri. Familia ya watu wanane huko mashambani katika jimbo la Wisconsin iliugua mara kwa mara kwa miaka mitatu. Walikuwa na vipele, matatizo ya kupumua, misuli iliyokakamaa na kutokwa na damu puani. Wazazi walinyonyoka nywele. Ajabu ni kwamba ugonjwa ulizidi wakati wa baridi na ukapungua wakati wa joto.

Hatimaye ilibainika kwamba nyumba hiyo ilikuwa ikipata joto kutoka kwa jiko la kuni, na kuni zenyewe zilikuwa vipande vya mbao zilizotiwa CCA. Aseniki ilipatikana kwenye nywele na kucha za watu wote wanane. Jivu la jiko lilikuwa limejaa sumu hiyo.

Familia hiyo iliota moto miezi ya baridi tu. Sasa mfikirie mama wa mandazi, ambaye huwasha moto alfajiri kila siku, mwaka mzima, ndani ya kibanda cha mabati chenye tundu moja la kutolea moshi, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni.

Moshi wa kuni za kawaida wenyewe si rafiki. WHO inakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana na majiko ya kuni, makaa, mafuta taa na mfano wake, ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020. Ukiongeza aseniki katika moshi huo, umeongeza chumvi katika kidonda.

JIVU LENYE KAZI NYINGI

Yako mambo ambayo mzungu aliyeandika onyo kuhusu mbao hizi huenda hakuyawazia, kwa sababu kwake jivu ni takataka ya kutupwa. Kwetu jivu lina kazi nyingi.

Kuna wanaosugulia sufuria. Kuna wanaochanganya na mahindi au maharagwe ili wadudu wasiyaharibu. Wengine hunyunyiza kwenye sukuma wiki kuwafukuza wadudu, au humwaga shambani kama mbolea. Kuku huogea jivu kuondoa viroboto. Magharibi mwa Kenya, maji yaliyochujwa katika jivu hutumika kulainisha mboga za kienyeji.

Mazoea haya hayana ubaya jivu likiwa la kuni safi. Lakini jivu la mbao zilizotiwa dawa likiingia katika mzunguko huo, sumu itafika kwenye sahani hata ya mtu ambaye hakuukaribia moshi. Mtoto anayetambaa na kutia vidole mdomoni ndiye aliye katika hatari kubwa, kwa vile mwili wake ni mdogo na kiasi kidogo humtosha kumdhuru.

Aseniki ikiingia mwilini kwa wingi mara moja, mtu hutapika, huumwa na tumbo na huharisha. Dalili hizi ni rahisi kudhaniwa kuwa za chakula kibovu. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka, ngozi hubadilika rangi kwa madoadoa, viganja na nyayo hufanya sugu, na mikono na miguu huhisi ganzi. Saratani yaweza kujitokeza baada ya miaka mingi, wakati hakuna tena anayekumbuka ile baraza iliyobomolewa.

UTAZITAMBUAJE?

Hakuna njia ya nyumbani ya kuwa na hakika kamili. Hata hivyo, kuna ishara zitakazokusaidia.

Kwanza ni rangi. Mbao zilizotiwa CCA huwa za kijani zikiwa mpya, lakini jua huzigeuza kijivu kama mbao nyingine yoyote. Usidanganyike na uso wa juu. Angalia pale fundi alipokata. Mara nyingi utaona ukingo wa kijani kuelekea nje, na katikati rangi ya kawaida ya mti.

Pili ni mahali ubao ulipokuwa. Nguzo iliyokaa ardhini miaka kumi bila kuliwa na mchwa, na si mti mgumu wa asili, karibu bila shaka imetiwa dawa.

Tatu ni harufu. Nguzo nyeusi yenye kunata na kunuka kama lami imetiwa kreosoti, dawa itokanayo na makaa ya mawe. Kreosoti huwasha ngozi na macho, na moshi wake ni mbaya.

Nne, muulize fundi aliyeijenga baraza kama bado yupo. Mafundi wengi hupaka mbao oili chafu iliyomwagwa kutoka kwa injini za magari. Huzuia mchwa kwa kiasi fulani, lakini oili hiyo ina mabaki ya madini na kemikali za injini. Mbao zake pia si za kupikia.

Tano, chunguza rangi ya kupaka. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi. WHO husema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Risasi huathiri ubongo wa mtoto, naye huchelewa kujifunza bila mtu kujua sababu. Usikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu, na usiichome kamwe. Ikibidi kuikwangua, ilowanishe maji kwanza ili vumbi lisipae, na watoto wakae mbali.

Usijaribu kuutambua ubao kwa kuuonja au kwa kuchoma kipande unuse moshi. Ikiwa baada ya kuchunguza bado una shaka, uchukulie kuwa una dawa. Kosa la kuukosesha moto ubao safi ni dogo kuliko kosa la kuupikia ubao wenye sumu.

MSUMARI MMOJA WATOSHA

Kabla ya kuzungumzia nani apewe nini, kuna hatari nyingine ambayo haingoji miaka. Rundo la mbao kuukuu ni rundo la misumari, na mtaani watoto huchezea popote, wengi wao wakiwa na kandambili au miguu mitupu.

Msumari ukimdunga mtu, jambo la kuogopwa ni pepopunda. Wengi huamini kutu ndiyo huleta ugonjwa huu. Sivyo. Pepopunda huletwa na bakteria ambao mbegu zao hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Msumari huwapeleka ndani ya nyama, mahali pasipo na hewa, na hapo ndipo hustawi. Msumari unaong'aa lakini wenye udongo ni hatari sawa na wenye kutu.

Dalili huonekana kwa kawaida kati ya siku tatu na siku 21. Taya hukaza mtu asiweze kufungua kinywa, shingo hukakamaa, kumeza huwa taabu, kisha mwili mzima hushtuka kwa maumivu. Ni ugonjwa wa kuua, lakini chanjo huuzuia.

Aliyedungwa asafishwe jeraha mara moja kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Usipake mafuta taa, dawa ya meno, udongo wala unga wa betri. Kisha aende zahanati siku hiyo hiyo hata kama tundu ni dogo, kwa maana tundu dogo lenye kina ndilo baya zaidi.

Mwambie mhudumu alipata chanjo ya pepopunda lini. Watoto hupewa chanjo hiyo pamoja na nyingine wakiwa na wiki sita, wiki 10 na wiki 14, na akina mama huipata wakiwa waja wazito. Wanaume wengi hawakumbuki mara yao ya mwisho. Jeraha likiwa chafu na miaka mitano au zaidi imepita tangu sindano ya mwisho, mgonjwa huongezewa nyingine.

Kwa hivyo, usimpe mtu ubao wenye misumari. Mlipe fundi saa moja zaidi aing'oe yote kwa nyundo na koleo. Asiikunje tu, kwani msumari uliokunjwa hufichika na kumngoja mwingine. Itie kwenye mkebe na uwauzie wanunuzi wa vyuma vikuukuu.

Kumbuka pia kunguni. Mbao zilizotoka ndani ya nyumba, hasa za kitanda na kabati, zaweza kubeba kunguni na mayai yao ndani ya nyufa. Zimwagie maji yanayochemka kwenye nyufa zote, uzianike, na usiziingize ndani mpaka uwe umezichunguza. Ukimpa jirani kunguni, hatakusahau.

GAWANYA MARUNDO MATATU

Sasa turudi langoni kwako. Baraza moja huwa na mbao za namna mbalimbali. Nguzo huenda zimetiwa dawa kiwandani, boriti zimepakwa oili chafu, na mbao za kuezekea kivuli ni saiprasi tupu. Kwa hivyo, hatua ya kwanza ni kuzitenga katika marundo matatu.

Rundo la kwanza ni la mbao safi: hazina dawa, rangi wala oili, na unajua zilikotoka. Hizi zafaa kwa kitanda, rafu, meza, kiti, kizimba cha kuku na hata kuni. Ziwe kavu kabisa kabla ya kuchomwa, kwa maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, watu wengi wametambua kwamba ubao mzuri si kitu cha kutupwa. Mwenye kujenga akiupata wa bure, umempunguzia gharama ya haja.

Rundo la pili ni la mbao zenye dawa ambazo bado ni imara. Hizi nazo zina kazi, mradi zibaki nje na zisikatwekatwe ovyo. Zafaa kwa nguzo za ua, za seng'enge, za kuanikia nguo, au za kushikilia ukingo wa njia. Hazifai kwa kitanda, meza ya kulia, ubao wa kukatia mboga, hori la mifugo, mzinga wa nyuki, bembea ya watoto, wala kuzungushia bustani ya sukuma wiki, kwa sababu sehemu ya dawa huweza kuvuja na kuingia udongoni.

Atakayezikata na afanyie kazi hiyo nje, avae glavu, barakoa na miwani, na atandike turubai chini lipokee vumbi. Vumbi la mbao hata zisizo na dawa limo katika orodha ya IARC ya vitu viletavyo saratani kwa wanaolivuta kwa miaka. Vumbi na maranda ya mbao zenye dawa yasitandikwe kwenye banda la kuku wala ng'ombe, na yasitiwe kwenye mbolea. Hili ndilo la kumwambia yule kijana mfuga kuku.

Rundo la tatu ni la vipande vilivyooza, vilivyovunjika au vyenye rangi ya zamani inayobambuka, pamoja na mbao za gundi zilizolowa maji. Hivi si zawadi. Visichomwe nyuma ya nyumba, na visirundikwe karibu na kisima. Vifunge vizuri na uvikabidhi kwa wachukuzi wa taka wenye leseni ya Nema, ukiwaeleza wazi kwamba vina dawa. Jambo hili lina gharama kidogo, na hapo ndipo watu wengi huteleza. Huona ni rahisi zaidi kuyaacha hayo masalio langoni, wakijua fika kwamba kufikia asubuhi yatakuwa yamechukuliwa.

Na yatachukuliwa kweli. Lakini nani huchukua? Ni yule asiye na pesa za gesi wala makaa. Mwenye baraza hubaki na ua safi, na asiye na kitu hubaki na moshi. Huko si kugawa. Ni kuuhamisha mzigo kutoka mgongo mpana hadi mgongo mwembamba.

Pia andika. Chukua chaki au kalamu nene uandike kwenye kila ubao wa rundo la pili: "INA DAWA. USICHOME." Utakayempa leo huenda akampa mwingine mwakani, na maneno ya mdomo hayasafiri mbali kama maandishi.

IKIWA UMEKWISHA KUZICHOMA

Pengine umesoma hadi hapa ukakumbuka kuni ulizochoma mwezi uliopita. Usitaharuki. Kuvuta moshi mara moja si sawa na kuuvuta kwa miaka. Acha kuzitumia leo, na uwaambie wote uliowapa.

Jivu lililobaki lisifagiliwe kavu. Linyunyizie maji kidogo, vaa glavu, litie kwenye mfuko mzito wa plastiki na uufunge. Lisiende shambani, kwenye nafaka, wala jikoni. Futa sehemu za karibu na jiko kwa kitambaa kibichi, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Ikiwa wewe au mtu wa nyumbani mmepata vipele visivyopona, ganzi ya mikono na miguu, kunyonyoka nywele au kikohozi kisichoisha, nendeni hospitalini na mumweleze daktari kuhusu mbao hizo. Usipomwambia hataweza kukisia. Kuna kipimo cha mkojo kinachoonyesha aseniki iliyoingia mwilini siku chache zilizopita, kwa hiyo usikawie. Mweleze pia kama umekula samaki wa baharini karibuni, kwa sababu huweza kuyachanganya majibu.

Mtoto akila jivu hilo au kipande cha ubao huo, mpeleke hospitali mara moja hata kama haonyeshi dalili. Usimtapishe mwenyewe.

UMJIBU VIPI YULE MAMA?

Bado anangoja langoni, na hakuja kusikiliza hotuba. Ana moto wa kuwasha kesho saa kumi alfajiri, na kumwambia tu kwamba mbao zina sumu hakutampikia mandazi.

Mwambie kwa upole: "Mama, hizi za kijani zina dawa ya mchwa, na moshi wake utakudhuru wewe na mtoto. Hizi hapa ni safi, chukua hizi." Kisha mpe za rundo la kwanza, hata kama bawabu alikuwa amezitamani zote. Waweza kuwagawia wote wawili.

Na ikiwa katika rundo lako hakuna hata ubao mmoja ulio safi? Basi nguzo zile nzima ziuzie mtu anayejenga ua, umwambie zina dawa, na pesa utakazopata umnunulie mama debe la makaa. Fundi atakucheka kidogo. Mama hatacheka.

Usisahau kumwomba jambo moja zaidi: awaambie wenzake walio na vibanda pale njia panda kwamba nguzo za kijani za ua na zile nyeusi zenye kunuka lami si kuni. Yeye atasikilizwa na wapishi wenzake kuliko gazeti hili.